Ubeti wa Mwisho wa Odeta

Odeta wa Igogo alikuwa ameandika hadithi, insha na mashairi tangu enzi za mkoloni, na wanaume wa kamati ya sherehe waliyatumia yote bila haya. Siku ya Uhuru, pale uwanjani Mwanza, shairi lake kuhusu mama anayezaa walimpa mwenzao Shaibu alisome. Ubeti wa mwisho, ambamo mtunzi hujitaja jina, waliukata.

"Usinune, dada," Venant, katibu wa kamati, alimnong'oneza. "Leo ni siku ya taifa, si ya mtu."

"Kwani Shaibu si mtu?"

Shaibu akasoma, akashangiliwa, akainama. Ndipo bibi mmoja aliyezoea mashairi akapaza sauti: "We baba, mbona hujafunga? Kalitunga nani?"

Shaibu akababaika. "Ni la kamati, bibi."

"Kamati gani hiyo iliyoshikwa na uchungu wa kuzaa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Odeta hakucheka. Alisimama, akaghani mwisho wa ubeti uliokatwa: "Kaditama natulia, jina langu ni Odeta!"

"Kaa chini, mama!" Venant akafoka. "Tumeshakusikia!"

Hakukaa. Akalianza shairi upya, tangu ubeti wa kwanza.