Wimbo wa Tito Ulivyoongezeka

Jumamosi saa tatu asubuhi Mektrida alikuwa studioni akirudisha kanda nyuma kwa kalamu, ili kuipumzisha mashine, ambayo ilikuwa ya zamani na yenye deko. Aliizungusha huku akihesabu. Wiki iliyopita ilikuwa mizunguko mia mbili na kumi. Leo ilifika mia mbili na kumi, ikapita, ikaendelea hadi mia mbili na thelathini na mbili. Akaiweka mezani, akajifuta viganja kwenye sketi.

"Imeongezeka?" akauliza Yunusu, fundi mitambo, bila kuinua macho kutoka kwenye waya aliokuwa akiulehemu.

"Imeongezeka."

"Basi nitalikwangua tena kasha lake kwa ndani. La sivyo wiki ijayo haitaenea."

Redio Mringaringa, mwaka huo wa 1998, ilikuwa vyumba viwili ghorofani, katika jengo la mzee Kornel mjini Moshi. Ukutani walibandika trei za mayai kuzuia mwangwi, na trei nyingine zilikuwa bado na manyoya ya kuku. Redio nyingine zilipiga dansi na kwaya. Hii ilipiga roki, na zaidi ya roki ya Wazungu ilipiga roki ya vijana wa hapa hapa, waliokuwa wakishuka kutoka Kibosho na Marangu na kanda zao mfukoni, na magitaa waliyoyafunga nyaya za breki za baiskeli. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, maghala yamebaki matupu, basi vijana wakaingia humo na ngoma zao wakapiga mpaka mabati yakalegea misumari. Wazee walisema ni kelele za kufukuzia nyani shambani. Kelele zilikuwa kelele kweli, lakini jamani, ilikuwa raha! Aliyekuwepo hajapata raha kama ile tena.

Bendi iliyopendwa kuliko zote iliitwa Kisusio, kama ile supu ya damu. Tito, mwimbaji wao, alisema hakuna jina la Kiingereza linaloweza kumtisha mtu wa Moshi. Wimbo wao mkubwa ulihusu zamu ya maji kule Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga: jinsi mtu mmoja anavyofungulia mfereji upande wake siku zote saba, na majirani wakibaki kuangalia mpunga wao ukigeuka majani makavu. Tito hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Kila aliyelima Chekereni alijua mfereji unaishia kwenye shamba la mzee Kornel.

Mwezi wa tatu Tito alikutwa amekufa kwenye mfereji huo. Polisi waliandika kwamba alizama. Maji ya mfereji yalifika nusu ya ugoko.

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, Mektrida, ambaye ndiye aliyeendesha kipindi cha saa tisa alasiri, aliupiga wimbo ule kwa heshima ya marehemu. Mwishoni, mahali palipokuwa kimya siku zote, Tito akaimba ubeti ambao hakuwahi kuurekodi. Aliimba jinsi tope linavyoingia puani. Jumamosi ya pili aliimba habari za mikono miwili iliyomshika shingo, na mzee Kornel aliyesimama ukingoni na mwavuli wake, akisema, "Inatosha." Ya tatu aliimba amelala chali ndani ya pikapu, chini ya turubai lenye harufu ya pumba. Ya nne aliimba ngazi za studio, na vijana wawili wakimwambia, "Kaka Tito, kuna wageni wako hapo chini."

Mji mzima ulisikia. Mkuu wa kituo cha polisi alisikia pia, maana mke wake alikipenda kipindi, akasema maelezo ya marehemu hayana sahihi. Mzee Kornel aliendelea kwenda misa ya kwanza na kukaa benchi lake la mbele. Waliokaa benchi la nyuma yake walihama kimya kimya, wakarudi baada ya wiki mbili kwa sababu huko walikohamia kulikuwa na upepo.

Redioni walijaribu kuacha kuipiga ile kanda. Tito akaimba juu ya kwaya ya Jumapili, katikati ya sala. Wakaona afadhali awe na ratiba.

Mektrida hakushangazwa na wimbo. Kilichomkosesha usingizi ni mwelekeo wake. Wimbo ulikuwa unarudi nyuma, hatua kwa hatua, kutoka mferejini hadi kwenye pikapu, kutoka kwenye pikapu hadi kwenye ngazi. Kabla ya ngazi kulikuwa na simu. Na simu ile aliipokea yeye.

Wiki nzima kabla ya siku hiyo Tito, aliyekuwa akirekodi pale studioni, alikuwa amemwomba, "Dada Mektrida, mtu akiniuliza, mimi sipo." Alikubali. Halafu simu ikalia, sauti ikawa ya mzee Kornel, na Mektrida akasema anachosema tangu utotoni kila asikiapo sauti ya mtu mzima: "Shikamoo, mzee." Mzee akaitikia vizuri, "Marahaba mwanangu, hamjambo hapo juu? Yule mwimbaji yupo?" Mtu ukishampa shikamoo yako akaipokea, unamdanganyaje hapo hapo? Ulimi ulikataa. Akasema, "Yupo mzee. Atashuka saa kumi." Tusimpambe lakini. Adabu ilikuwepo, ila hofu ilikuwa kubwa kuliko adabu. Aliweka simu chini akijua alichofanya, akaenda kutangaza hali ya hewa.

Hakumwambia mtu yeyote, hata padri. Na sasa mizunguko ishirini na miwili ilikuwa imeongezeka, na ilikuwa yake.

"Yunusu," akasema, "leo upige wewe. Mimi naenda Kirua."

Yunusu akamwangalia, akaiona midomo yake ilivyokauka, akasema tu, "Haya. Uende salama."

Alishuka basi njia panda, akapanda mlima kwa miguu. Mama yake Tito, Eliona, aliishi Kirua Vunjo kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye migomba na mibuni iliyozeeka. Njiani Mektrida alichuma jani la isale kwenye mpaka wa shamba la watu. Huku mlimani, aliyekukosea akija na isale mkononi, humkatai. Ukimkataa, ubaya wote unakuhamia wewe. Alitaka kufika kabla ya saa tisa, aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Mara mbili alikaa chini kwenye majani, na mara ya pili alifikiri kurudi.

Alifika saa tisa kasoro dakika tano. Alibisha hodi, akakaribishwa, akaingia sebuleni. Mzee Kornel alikuwa ameketi kwenye kochi na sahani ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, mapajani. Isale lake lilikuwa mezani, bado bichi.

Mektrida alisimama mlangoni na jani lake, na hapakuwa na pa kulificha.

"Pita mwanangu, ukae," mama Eliona alisema. Akamwonyesha nafasi iliyokuwepo, pale pale kwenye kochi, karibu na mzee. Mektrida akakaa. Alisikia harufu ya sabuni ya mzee na akaona kucha zake, zilizokatwa vizuri. Redio ilikuwa juu ya kabati, kwenye kitambaa kilichofumwa, na tayari Kisusio walikuwa wanapiga.

Walisikiliza wote watatu. Wimbo ukaisha mahali ulipokuwa ukiishia zamani, ukapita mfereji, mikono, turubai na ngazi. Kisha Tito akaimba kwa sauti yake ya kukwaruza kwamba simu ililia mara tatu, na dada Mektrida, mwenye sauti tamu kuliko zote Moshi, akatoa shikamoo, akasema yupo, atashuka saa kumi.

Mzee Kornel alitafuna, akameza.

Mektrida alipiga magoti. Alinyoosha jani kwa mikono miwili, na maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkimbia. "Mama," akasema. "Mama, niliogopa. Mama nisamehe, niliogopa tu."

"Nilijua," mama Eliona alisema. "Kila Jumamosi nakusikia. Ukifika kwenye jina lake unavuta pumzi kwanza." Akalipokea jani, akaliweka juu ya lile la mzee Kornel. "Nimepokea. Kula."

Akampa sahani. Mektrida akaishika, hakuweza kula.

"Mama, na huyu? Umepokea la huyu pia?"

"Nimepokea, kwa sharti. Redio isihamishwe kwenye jengo lake, na umeme usikatwe."

"Nimekubali," mzee Kornel alisema, akijifuta mdomo. "Mimi si mtu wa ugomvi."

"Lakini mama, amemuua! Umesikia mwenyewe, mji mzima umesikia!"

Mama Eliona alikaa kwenye kigoda. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kupiga mahesabu yake zamani.

"Wakimkamata huyu, wataifunga ile kanda kwenye kabati la ushahidi. Nani ataipiga? Wewe huoni inakwenda wapi? Jumamosi ijayo atakuwa bado kazini, na kicheko chake. Inayofuata atakuwa hapa anakunywa chai, asubuhi ile. Halafu atalala, ataamka jana yake. Mwanangu alikuwa na miaka ishirini na sita. Yote iko mbele yangu. Ipo siku atakuwa wa kubebwa mgongoni." Akaweka sawa majani mawili pale mezani. "Nimfunge mtu mmoja, nimpoteze Tito mara ya pili? Hapana."

Nje mvua ndogo ilianza kupiga kwenye migomba. Mektrida alisema polepole, "Ni miaka mingi mno, mama. Kwa ubeti mmoja kila wiki."

"Ndiyo. Kwa hiyo wewe utaipiga. Wewe mwenyewe, si Yunusu. Usihame mji, usiolewe mbali, usiugue. Mimi nikifa, uendelee."

"Sawa, mama."

"Siku usipoipiga, nitakurudishia jani lako."

Mektrida aliitikia kwa kichwa. Alipeleka ndizi mdomoni, akaitafuna. Mzee Kornel alisimama, akachukua mwavuli wake nyuma ya mlango, akamshukuru mama kwa chakula. Kisha akamgeukia Mektrida, kwa upole wote.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," akasema. "Na mimi nitakuwa nasikiliza."