Kinga ya Mama

Salat alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo mjini Garissa, na kwa kuku alikuwa na subira ambayo hakuwa nayo kwa watu. Kideri, ugonjwa unaofyeka kuku, kilipoingia mjini, mabanda yalibaki matupu. Kilichomsumbua zaidi ni vifaranga waliochanjwa wakiwa wachanga. Nao walikufa vilevile.

Jibu alilipata kwa kuku wa mkewe, Arbia. Wale waliowahi kuugua kideri wakapona hawakuugua tena, na vifaranga wao walitoka na kinga ya mama ndani ya yai. Kinga hiyo ndiyo iliyoiua chanjo. Baada ya wiki chache nayo ilikwisha, kifaranga akabaki hana lolote.

"Basi ngoja iishe, ndipo uchanje," Arbia alimwambia siku moja, akimnyonyesha binti yao, Qali.

"Nikichelewa kidogo tu, kideri kinanitangulia."

"Na huyu wangu, nimempa kinga?"

"Umempa. Si uliugua surua utotoni?" Salat akacheka, akambusu mtoto utosini. "Huyu ana mama."

Vita vya serikali na waasi walioitwa shifta vilipopamba moto, amri ikatoka kwamba mtaa wao wote uhamie kijiji kilichozungushiwa seng'enge. Vibanda vilibanana hata jirani akikohoa ulimsikia. Salat alipewa pasi ya kwenda kazini, na jioni alitakiwa awe amerudi kabla ya kafyu.

Surua ikaingia humo. Ilianza na watoto wa Sadiyo, jirani yao, kisha ikamfikia Qali, ambaye alikuwa amekaribia kutimiza mwaka. Macho yake yalikuwa mekundu, na vipele vilimtoka nyuma ya masikio.

"Ulisema nimempa kinga," Arbia alisema.

"Imekwisha, Arbia. Huwa inaisha."

"Ulijua?"

"Ya kuku nilijua." Alimgusa Qali paji la uso. "Ya mtoto wangu sikuifikiria."

"Sasa nimpe nini?"

Salat alimfunika mtoto kwa shuka, akambeba hadi langoni ili ampeleke hospitali. Askari aliitazama pasi, akamtazama mtoto, akatikisa kichwa.

"Leo hatoki mtu, mzee. Wanapigana huko barabarani."

"Mtoto hapumui vizuri!"

"Naona. Amri si yangu."

Lango lilipofunguliwa kesho yake, Qali alikuwa amekwisha kufa mapajani mwa mama yake. Ziwa lilikuwa bado mdomoni mwake, naye Arbia hakukubali kulitoa mpaka Sadiyo alipomshika mkono taratibu na kusema, "Inna lillahi, abaayo, dada yangu. Mwache aende."

Miezi michache baadaye kideri kilirudi Garissa. Vifaranga ambao Salat aliwachanja kinga ya mama ilipokwisha walisimama wazima katikati ya mizoga. Daktari alimpongeza mbele ya wafanyakazi wote.

Jioni hiyo alimkuta Arbia ameketi mkekani.

"Wamepona?" Arbia aliuliza, kwa kuwa zamani aliuliza hivyo kila siku.

"Wamepona."

"Wote?"

"Karibu wote."

"Alhamdulillahi," alisema Arbia. Alikuwa akisema kweli. Kisha akaugeukia ukuta, akajifunika mtandio, na mabega yakaanza kutikisika. Salat akaketi nyuma yake, asijue kama ana haki ya kumgusa.