Mshale kati ya Zege na Mirunda

Kazini walimwita Mishale, kwa kuwa alishinda akichora mishale. Kila kazi ya jengo aliiweka kwenye kisanduku ndani ya kompyuta, kisha akavuta mshale kwenda kwenye kazi inayoisubiri: ukuta unasubiri msingi, rangi inasubiri plasta. Mchoro mzima ulionekana kama utando wa buibui, ila yeye aliujua kama kiganja chake.

Bosi wake alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake. Ndiye aliyemwingiza kwenye kampuni, na hakuchoka kumkumbusha.

Jumatatu hiyo mjomba aliingia ofisini, akafunga mlango kwa kisigino.

"Wageni wanakuja kuiona wodi ya wazazi tarehe ishirini," alisema. "Nataka chini kuwe peupe. Miti yote ya mirunda iwe imeondoka."

"Slabu ya dari imemwagwa juzijuzi, Mjomba. Lazima ishikiliwe na mirunda siku ishirini na nane, zege likomae. Tarehe ishirini itakuwa na siku kumi na mbili."

"Hapa mimi ni bosi. Ujomba tumeuacha nyumbani." Akagonga kioo cha kompyuta kwa kidole. "Si kuna mshale hapa, kati ya zege na mirunda? Utoe, tarehe zitajipanga zenyewe. Kesho kwenye kikao nataka mchoro msafi."

"Mshale nitautoa. Zege nalo nani atalieleza?"

"Usinifanye mtoto mwenzako," alisema, akatoka.

Mishale aliuangalia mshale ule. Kuufuta ilikuwa kubofya mara moja tu. Lakini alimfikiria fundi mkuu wa zege, mtu asiyegusa kompyuta, anayefuata karatasi ya mchoro iliyobandikwa kwenye kibanda cha saiti. Karatasi ikisema toa mirunda, angetoa, na yeye na watu wake ndio wangekuwa chini ya slabu ile.

Basi akafungua sehemu ya kupangilia visanduku. Siku zote vilionyesha jina la kazi na tarehe, basi. Akaongeza mstari wa idadi ya siku, akaongeza sababu ya kusubiri, na chini kabisa akaweka mstari ambao kampuni ile haikuwahi kuuona: *Aliyeagiza mabadiliko*. Kazi zisizovumilia kuchelewa akazipaka nyekundu na mishale yake akainenepesha. Iliyobaki akaififisha ikawa kijivu. Alipomaliza, mshale wa zege na mirunda ulimkodolea macho hata aliyesimama mlangoni.

Kesho yake mchoro uliangazwa ukutani. Alikuwepo mhandisi wa mwenye jengo, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na fundi mkuu, kofia magotini. Mjomba aliunyooshea mchoro kidole.

"Nilisema huo mshale utolewe."

"Ndiyo, bosi. Nautoa sasa hivi, mbele ya kila mtu." Mishale aliweka kidole kwenye kipanya. "Ila kisanduku kinauliza nani ameagiza. Niandike jina la nani?"

Mhandisi alivaa miwani, akasoma sababu ya kusubiri neno kwa neno, kisha akamgeukia mjomba.

"Mimi sitaki jina langu hapo," alisema. "Wewe je?"

Fundi mkuu alikohoa. "Hata liandikwe la nani, mimi mirunda sigusi kabla ya siku zake."

"Uache," mjomba alisema hatimaye, akikusanya karatasi zake.

Mshale ukabaki. Wageni walikuja, wakaitazama wodi kutoka nje, wakapiga picha, mirunda ikiwa nyuma yao. Wiki iliyofuata Mishale alipewa barua ya kuhamishiwa stoo, kwenye chumba kisicho na dirisha wala kompyuta. Aliyechukua nafasi yake alimfuata huko kumuuliza jinsi ya kuuondoa ule mstari wa jina.

"Sijui," alimjibu, ilhali alijua vizuri sana. "Kamuulize aliyekutuma."

Mama yake alimpigia simu, akilia kidogo. "Yule ni kaka yangu, mwanangu. Mwombe radhi yaishe."

"Nitamwamkia kama kawaida, Mama. Radhi siombi."

Jumapili alikwenda kwa mjomba, akasimama sebuleni, akamwamkia kwa heshima zote. Mjomba aliitikia bila kuinua macho kwenye gazeti. Mishale akavuta kiti, akaketi mbele yake, na hakuondoka mpaka chakula kilipoliwa.