Ukanda wa Sidii ya Figili

Kinuko Nozue aliliingiza gari lake dogo uani kwa baba yake saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, katikati ya juma la kuwakumbuka marehemu. Kwenye kiti cha pembeni palikuwa na kasha la ohagi, yale matonge ya wali yanayovishwa maharage matamu, na kichwani alikuwa na habari ambayo ilimnyima raha tangu jana.

Habari yenyewe alipewa kwa simu na kijana Tsukuda wa Tokyo, mmoja wa wale watu wenye wazimu mzuri wa kufufua muziki wa gemu za zamani na kuutoa upya kwenye sidii, kijitabu na kila kitu, kwa ajili ya wazimu wenzake. Na wako wengi. Muziki wote huo ukiutafuta mtandaoni utaupata bure, lakini wao wanataka kitu cha kushika, cha kupanga kwenye rafu, cha kufungua taratibu na kunusa karatasi yake. Safari hii Tsukuda alikuwa anafufua *Taa za Yukimori*, gemu ya mwaka tisini ambayo Kinuko aliitungia muziki akiwa msichana wa miaka ishirini na minane.

"Mwalimu," alisema Tsukuda, sauti imemlegea, "sidii za zamani nimezipata tisa. Tisa nzima! Na hakuna hata moja yenye ukanda."

Kinuko akajua pale pale ana maana gani. Enzi zile kampuni za gemu zilikuwa zinaficha majina ya watunzi, ili washindani wasije wakawanyakua. Gemu ikifika mwisho, majina yanayopita kwenye skrini yalikuwa ya utani mtupu. Ofisini kwao bosi alikuwa amechagua mboga. Mwenzake mmoja aliitwa Kitunguu, mwingine Biringanya, na Kinuko, kwa sababu alikuwa mrefu na mweupe, akabatizwa Figili. Sidii ilipokaribia kutoka mwaka uliofuata, watunzi wakamlilia bosi waandikwe majina yao ya kweli. Kijitabu kilikuwa kimeshachapwa na mboga zake. Lakini bosi siku hiyo aliamka vizuri, akasema haya, wekeni kwenye ukanda.

Ukanda ni ile karatasi nyembamba inayovishwa ubavuni mwa kasha la sidii. Upande wa nje una tangazo. Upande wa ndani wa ukanda ule, kwa herufi ndogo kama chawa, paliandikwa kila wimbo na aliyeutunga. Watu wakanunua, wakafungua, wakatupa ukanda pamoja na nailoni. Kinuko mwenyewe alihama nyumba mara tatu, na sanduku lililokuwa na sidii yake halikufika nyumba ya pili.

"Kampuni ilikufa, karatasi zake zikatupwa," aliendelea Tsukuda. "Aliyenunua haki anasema bila ushahidi wa chapa haandiki jina la mtu. Na Jumatatu tunapeleka kiwandani. Nisipopata ukanda, mwalimu, itabidi tuandike tu 'wanamuziki wa kampuni'. Naona aibu hata kukwambia."

Kinuko akamwambia asijali. Lakini yeye alijali sana. Kitunguu alikuwa amekufa, Biringanya hakuna ajuaye aliko, na yeye alikuwa mwalimu wa piano wa watoto wa Kanazawa ambao hawakujua kwamba aliwahi kufanya kazi nyingine. Alitaka jina lake liwe mahali fulani, limechapwa, mara moja tu kabla hajazeeka kabisa.

Mzee Tokuji alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono nyuma. Miaka themanini na saba, mgongo umepinda kwa kushona mikeka ya tatami maisha yake yote, ulimi haujapinda hata kidogo.

"Bado unaendesha gari hilo? Mimi nilidhani mlishalizika."

"Linatembea, baba. Na linacheza sidii. Magari ya siku hizi hayachezi."

"Hata mimi natembea. Sijasikia mtu akinisifu. Hizo ohagi za dukani?"

"Nimepika mwenyewe."

"Basi tumpe mama yako aonje kwanza. Akinyamaza, tunakula."

Kinuko akacheka. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakizungumza wawili hao: hali ya hewa, meno, gari, chakula. Muziki hawakuuzungumza. Mara ya mwisho ilikuwa majira ya baridi ya mwaka tisini na moja, mzee alipompigia simu Tokyo na kunguruma, "Figili? Umesomea muziki miaka yote ile ili uitwe figili?" Akakata. Kinuko alidhani kinyozi wa jirani, aliyekuwa na mashine ya gemu, ndiye aliyempelekea umbea. Mwezi uliofuata alimwandikia baba yake kadi: sidii inatoka tarehe ishirini na moja, safari hii jina langu limo. Hakujibiwa. Naye akaelewa alivyoelewa, akameza, na miaka thelathini na miwili ikapita.

Waliingia chumba cha ndani penye kabati la marehemu, lile la kuwafukizia udi na kuwawekea chakula. Picha ya mama, Mitsue, ilikuwa pale pale, anatabasamu nusu kama mtu aliyekatizwa kazi. Alikufa miaka mitatu kabla ya gemu ile. Ni yeye aliyekuwa akikaa kando ya piano huku anashona kingo za mikeka, kuhakikisha binti hatoroki mazoezi. Kinuko akapanga matonge mawili kwenye kisahani.

"Udi umekwisha," alisema mzee. "Chukua mwingine kwenye droo. Ya kulia."

Kinuko, mawazo yake yako Tokyo kwa Tsukuda, akavuta ya kushoto.

Mlikuwa na vitu vya mama. Katika nyumba ile kila jambo jema lililoingia lilipelekwa kwanza mbele ya kabati, Mitsue akaoneshwa, kisha likahifadhiwa. Mlikuwa na cheti cha Kinuko cha chuo cha muziki. Mlikuwa na bahasha ya mshahara wake wa kwanza, tupu, imekunjwa vizuri. Mlikuwa na kastabini yake ya kushonea. Na chini ya hivyo vyote, ndani ya nailoni yake ya kiwandani, haijaguswa hata kwa ukucha, mlikuwa na sidii ya *Taa za Yukimori*. Na ukanda ulikuwa umeikumbatia ubavuni, rangi yake ya buluu iking'aa kama jana.

Akaitoa kwa mikono miwili. Akaigeuza mwangani.

"Nimesema ya kulia," alisema mzee.

"Baba. Hii umeitoa wapi?"

"Kanazawa. Nilipanda treni."

"Lini?"

"Siku iliyotoka. Si uliniandikia kadi? Au hukuniandikia wewe, aliandika figili?"

"Lakini hukujibu! Na huna hata mashine ya kuichezea. Hujawahi kuwa nayo."

"Nani kakwambia nilitaka kuicheza?" Mzee alikasirika kidogo, kama anavyokasirika mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Nilitaka iwe hapa. Soma nje hapo, pameandikwaje? 'Muziki: Kinuko Nozue na wenzake.' Wino mweusi. Jina la mtoto wangu limepigwa chapa, mimi niliache dukani, lichukuliwe na nani?"

 Kinuko akamweleza habari za Tsukuda, za mboga, za Jumatatu. Alichokuwa anakihitaji kilikuwa upande wa ndani wa ukanda. Lazima nailoni ikatwe.

"Haifunguliwi," alisema mzee.

"Baba!"

"Si yangu. Nilimnunulia mama yako. Kamwombe mwenyewe."

Kinuko alimtazama aone kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Basi akageuka, akawasha udi, huu wa droo ya kulia, akagonga kengele ndogo ya shaba, akakutanisha viganja. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mmoja, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya msichana anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza.

"Mama, naiomba sidii yako. Nitaitunza. Na asante kwa kukaa na mimi pale kwenye piano. Nilikuwa nakasirika, lakini asante."

Kengele ikalia mpaka ikaisha yenyewe.

"Amesemaje?" aliuliza mzee.

"Hajasema kitu."

"Basi amekubali. Angekataa, tungesikia mpaka barabarani."

Mzee akaenda kwenye karakana na kurudi na kisu chake cha mikeka, kile kipana chenye mpini uliolika kwa jasho lake. Wala hakumpa Kinuko. Alikaa, akaweka sidii juu ya paja, akapitisha ncha kwenye mshono wa nailoni kama anayemnyoa mtoto mchanga. Karatasi haikupata hata mkwaruzo. Harufu ya wino wa zamani ikatoka, imechanganyika na udi wa miaka thelathini na miwili.

Kinuko akafungua ukanda taratibu. Upande wa ndani, zile herufi za chawa. Nyimbo ishirini na nne. Mbele ya nyimbo kumi na saba kati ya hizo, Kinuko Nozue. Jina la Kitunguu pia lilikuwepo, jina lake la kweli alilopewa na wazazi wake, na la Biringanya. Akapiga picha, akatuma Tokyo. Haikupita dakika moja simu ikalia.

"Mwalimu, usiuguse tena!" Tsukuda alikuwa anapiga kelele na kulia kwa pamoja. "Nakuja! Napanda treni sasa hivi! Ni nani huyo aliyeutunza? Mwambie... sijui, mwambie namsujudia!"

"Anasema anakusujudia," Kinuko alimwambia baba yake.

"Aje kesho. Leo ohagi hazitoshi."

Wakala, mzee matonge matatu, Kinuko moja. Kisha mzee akajifuta mdomo, akaitazama sidii iliyolala wazi.

"Sasa imeshafunguliwa, tuisikilize basi. Tuitie kwenye ile maiti yako ya gari."

Wakakaa ndani ya gari pale uani, milango imefungwa, mbele yao bustani ya jirani na mti mmoja umeshaanza kuwa mwekundu. Kinuko akaitia sidii kwenye tundu lake. Muziki ukatoka, ule mwembamba wa mashine za zamani, sauti sita tu za kufanyia kila kitu, mvua, vita na harusi. Alikuwa hajausikia safi hivyo tangu ofisini. Akaanza kumweleza baba yake, huu ni wa mjini, huu ni wa msituni. Mzee alikuwa analitazama lile tundu la sidii.

Ulipoanza wimbo wa saba, mzee akaanza kuunguruma chini chini. Kinuko alidhani anakohoa. Kumbe alikuwa anaimba, na alikuwa mbele ya muziki. Alifika kwenye kona ya wimbo kabla wimbo wenyewe haujafika.

"Kaa kushoto," alisema mzee ghafla.

"Nini, baba?"

"Joka. Likiinua mkia, unakaa kushoto. Ukikaa kulia umekwisha."

Kinuko akamgeukia polepole. "Wewe uliicheza."

"Kinyozi aliniazima mashine. Theluji ilikuwa mpaka dirishani, kazi hakuna. Toka mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili." Akainua vidole vyake vinene. "Hivi ni vya sindano ya mikeka, si vya vile vifungo vyenu vidogo kama kunde. Kwa huyu joka peke yake nilikufa mara arobaini, na huu wimbo wako unanipigia makelele masikioni. Nikamshinda. Nikafika mwisho. Nikavaa hata shati safi, nikakaa vizuri, nione jina lako linapita. Likapita Figili."

"Ukanipigia simu."

"Nilikuwa na hasira nao wao. Wewe nilikuwa na hasira na wewe ya nini?"

"Ulikata simu, baba!"

"Nilikuwa nalia. Ulitaka nifanyeje, nilie kwenye simu ya nyumba?"

Kinuko akashika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. Miaka thelathini na miwili alikuwa amebeba neno lile moja kama jiwe, na mwenye neno alikuwa amekaa akilia upande wa pili wa waya. Shukrani ilimjaa kifuani mpaka ikamuuma.

Ukaingia wimbo wa tisa. Ulikuwa wa kibanda cha msituni, mahali mchezaji anapoota moto na hakuna adui anayeweza kumfikia. Ulikuwa mfupi, noti chache zinazopanda na kurudi, zinapanda na kurudi.

"Hapa nilikuwa naweka kile kidude chini," alisema mzee, "nakaa tu. Saa nzima mara nyingine. Huu ni ule wake. Wa kushonea."

Ulikuwa wake. Mitsue alikuwa akiuimba kwa pua hivyo hivyo kila sindano ilipopanda na kurudi kwenye kingo za mkeka, na Kinuko aliuiba kutoka kwenye kumbukumbu yake akiwa peke yake Tokyo, asimwambie mtu, akidhani hakuna duniani atakayeutambua.

"Ulijua?"

"Siku ya kwanza. Ndiyo maana nikasema sidii ikitoka itakuwa yake."

"Asante, baba," alisema Kinuko, na safari hii hakuyaficha machozi.

 Mzee alikuwa ameshafungua mlango wa gari, anashuka kwa shida, mguu mmoja baada ya mwingine. Akaenda barazani akasukuma milango ya karatasi ya chumba cha ndani, wa huku na wa huku, mpaka mwisho, picha ya Mitsue ikaonekana kutoka uani.

"Irudishe mwanzo," akaita. "Na uongeze sauti. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri."