Uso wa Wiebe

Asubuhi ya fainali Wiebe alipiga chafya mezani, na chai ikanikwama kooni.

Kwanza aliibana. Alijifinya pua, macho yakamtoka, mkono mmoja ukang'ang'ania ukingo wa meza. Kipande chake cha mkate wa chembechembe za chokoleti kikaanguka kifudifudi kwenye sahani. Chafya ilipomshinda ilitoka ndogo, kama ya paka, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Sasa niambie, mtu mwenye kimo cha mlango na kilo zinazokaribia mia anapigaje chafya ya paka?

"Afya!" akasema Jurre, akiwa na siagi kwenye ndevu. "Mbona chafya ya bibi harusi, mzee? Unaogopa kumwamsha mkwe?"

Meza nzima ikacheka. Wiebe naye alicheka, lakini kwa meno tu. Mimi sikucheka, kwa sababu uso ule naujua kuliko mkewe anavyoujua.

Mashua yetu ni ya wapiga makasia wanane, na wote hukaa wakiipa mgongo njia wanayokwenda. Kila mmoja huona mgongo wa mwenzake tu. Wiebe hukaa wa mwisho, huku nyuma, na ndiye anayetoa mdundo. Wale saba humfuata yeye. Mimi ni mtu wa tisa, mfupi, mshika usukani, mwenye kipaza sauti mdomoni. Hukaa nimemkabili Wiebe, goti kwa goti. Kwa hiyo katika mashua nzima ni mimi peke yangu ninayeuona uso wake, na kwa wiki mbili uso huo ulikuwa unanificha jambo. Kila alipovuta, jicho la kulia lilijifumba kidogo. Usiku alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, akidai ni kiungulia.

Nilimfuata chumbani kwetu nikafunga mlango.

"Ubavu," nikamwambia.

"Ubavu gani?"

"Wiebe, usinifanye mtoto."

Akakaa kitandani polepole kama mama mjamzito. "Wa kulia. Chini ya kwapa. Nadhani una ufa."

"Unadhani? Daktari anasemaje?"

"Nikienda kwa daktari, leo Floris anavaa jezi yangu."

Floris alikuwa mchezaji wetu wa akiba, kijana mwenye adabu na mapaja kama magogo. Alishinda wiki nzima ukingoni, koti begani, akingoja mtu augue. Simlaumu, ndiyo kazi ya akiba. Kanuni zilimruhusu kuingia hata siku ya fainali, alimradi daktari atie saini.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikasema.

"Mimi sifi. Naumwa tu." Akanitazama. "Krijn, ndugu yangu. Mashua mbili za kwanza leo zinakwenda Olimpiki. Safari iliyopita tulikosa kwa upana wa kiganja, unakumbuka? Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Hesabu mwenyewe nina mingapi sasa. Nikitoka ndani ya mashua hata kwa siku moja, Hessel hatanirudisha. Amekuwa akitafuta kisingizio tangu majira ya baridi."

Hessel ni kocha wetu, na hapo Wiebe hakumsingizia.

"Na ukikatika katikati ya maji?"

"Utaliona usoni kwangu kabla sijalijua mwenyewe. Ukiliona, nyamaza. Usilitamke kwenye kipaza sauti. Wale wakisikia wataingiwa na hofu, na baada ya hapo kila mtu atajua. Niahidi."

"Nani aliyeniambia nisiwadanganye kamwe? Si wewe? 'Sisi tunakwenda kinyumenyume, Krijn, wewe ndiye macho yetu, ukitudanganya mara moja tumekwisha.' Nani huyo?"

"Kunyamaza si kudanganya."

"Hayo maneno ya mawakili."

"Niahidi basi, nami nitakuwa mteja wako."

Nikaahidi. Hasira zilinipanda hata nikaupiga mlango teke, lakini niliahidi. Nampenda Wiebe, hilo moja. La pili si zuri sana: tulipomjaribu Floris kwenye kiti kile, mashua ilikwenda kama baiskeli yenye gurudumu lililopinda. Nilitaka kwenda Olimpiki. Nilimtaka Wiebe ndani, mzima au mbovu.

Mchana upepo ulianza kuvuma kutoka upande wa miti, ukiukata ubavuni mfereji wa Bosbaan, uwanja wetu wa mbio za makasia. Hakuna aliyelalamika, maana hapa ni kwetu na upepo huo tumekua nao. Ndege zinazotua uwanja wa Schiphol zilipita chini, magurudumu nje. Ukingoni watu walikuwa wameshajipanga na baiskeli zao ili watufuate mbio nzima wakipiga kelele, wanafunzi wa vyama vyote vya makasia, na mama yake Wiebe aliyetoka mkoani Friesland na mkate wa sukari wa kulisha kijiji.

Nilikwenda kupimwa uzito. Kwa kawaida siku hiyo mimi hujinyima mpaka maji, maana kila kilo yangu ni mzigo wa watu wanane. Safari hii sikuhitaji. Tangu asubuhi hakuna kilichopita kooni.

Hessel alinikuta nikifunga viatu. Alikuwa ameshaishika baiskeli yake. "Wiebe yukoje?" akauliza.

Swali lilikuwa jepesi na jibu lilikuwa mdomoni. Daktari alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake akila tufaha.

"Yuko tayari," nikasema.

"Sikukuuliza kama yuko tayari. Nimekuuliza yukoje."

"Kocha, ni fainali. Kila mtu tumbo linamkata."

Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akapanda baiskeli yake akaondoka.

Tulitoka vizuri. Taa ilipobadilika makasia manane yaliingia majini kwa pamoja, nami kichwa changu kikarushwa nyuma kama kawaida. Waromania walitangulia mara moja. Hao tuliwaachia, maana hakuna aliyetarajia kuwashinda. Nafasi ya pili ilikuwa yetu au ya Waitaliano, nao walikuwa leni ya jirani, karibu kiasi kwamba nilimsikia mshika usukani wao akitukana.

"Tuko wa pili," nikawaambia wangu. "Mwitaliano yuko begani kwa Jurre. Wiebe yuko sawa. Mfuateni Wiebe."

Nilisema yuko sawa kwa sababu alikuwa sawa. Jicho lilijifumba na kufumbuka, lakini mdundo ulikuwa safi kama saa ya ukutani. Nikaanza kuamini. Tulipita nusu ya njia, Waitaliano wakaanza kubaki nyuma, na nikajiona mpumbavu kwa hofu yangu yote ya asubuhi.

Ndipo uso wa Wiebe ukafunguka.

Siwezi kulieleza vingine. Mdomo uliachama, sauti haikutoka, na rangi ikamtoka yote kuanzia paji la uso. Nilisikia kitu, au nilidhani nimesikia, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Pigo lililofuata kasia lake liliingia majini likatoka bila kuvuta chochote.

Mashua ilijua kabla ya watu. Ikaanza kujipinda kwenda upande wake, taratibu. Nikashika usukani kuirudisha, na usukani kwa mashua ya mbio ni breki. Waitaliano walirudi begani kwetu. Pigo moja, mbili, wakatupita.

Nikafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Wiebe! Acha kuvuta! Tia kasia, toa, basi!"

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na bado alijaribu kuvuta, na kila alipojaribu kasia lake lilitetemeka majini. Likinaswa pale, kwa kasi ile, lingemng'oa kitini na kutusimamisha wote. Midomo yake ikasema neno bila sauti: usiseme.

Nyuma yake, saba walikuwa hawajui. Waliona mgongo tu, mgongo mpana uleule, ukienda na kurudi. Walihisi mashua imekuwa nzito na kila mmoja akaanza kujitafuta kosa. Nililiona likisambaa: Jurre akabadilisha mshiko, wa tano akachungulia kasia lake, wa tatu akawahi. Wapiga makasia wakianza kujikagua katikati ya mbio, mdundo hufa, na mdundo ukifa hapana mashua. Tulikuwa na dakika mbili za njia, labda chini ya hapo. Waitaliano walikuwa wametuzidi karibu nusu mashua.

Nilimtazama Wiebe. Yeye alinitazama mimi. Alijua.

Nikaondoa kiganja.

"Nisikilizeni! Wiebe amevunjika ubavu. Havuti. Mashua nzito si kosa lenu, ni hilo tu. Anawapa mdundo, na mdundo wake mzima, mfuateni! Tuko wa tatu, Mwitaliano katuzidi nusu mashua. Upande wa Wiebe, ninyi watatu, vuteni cha wanne. Saba mnavuta cha wanane. Sasa!"

Pigo moja lilipita kimya kabisa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu, na nimeshawahi kuzama. Kisha Jurre akanguruma. Sikusikia neno, ni ngurumo tu, na mashua ikanyooka chini yangu, nikaachia usukani.

Wiebe aliacha kuvuta. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Lakini mikono ilikwenda na kurudi, kiti kikateleza mbele na nyuma, pale pale palipotakiwa, bila kukosea hata mara moja, na saba wakamfuata. Nilipayuka mpaka sauti ikakatika. Niliwataja kwa majina, nikawataja mama zao. Tulimla Mwitaliano kiti kwa kiti. Maboya yakawa mekundu, dalili ya mita za mwisho, king'ora cha kila mashua inayovuka mstari kikalia mara moja, kisha mara mbili karibu kwa pamoja, na sikujua ni kipi chetu.

Tukangoja. Mtu mbele huko alikuwa anatapika. Wiebe aliinamia mpini wa kasia, akipumua vipande vipande, nami nilikuwa nimemshika viatu, sijui kwa nini.

Ubao ukawaka: Romania, kisha sisi.

Ukingo mzima ulilipuka. Baiskeli zilianguka, mtu akaruka majini na suruali yake. Nyuma ya Wiebe saba walikuwa wanajipiga vifua na kulia.

"Tumepita," nikamwambia. "Wiebe, wa pili. Tumepita."

"Umesema," akajibu.

"Kasia lako lilikuwa linanaswa."

"Najua." Akameza mate. "Hessel amesikia?"

Sikutaka kujibu, lakini nisingeweza kumdanganya yeye. Katika fainali kipaza sauti changu huunganishwa na televisheni. "Nchi nzima imesikia."

Akainamisha kichwa kidogo, akakubali, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua. "Basi nendeni salama," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba mfupa huunga, kwamba Olimpiki ilikuwa bado miezi miwili na zaidi. Nilikuwa nimempa alichokitaka maisha yake yote na nimemnyang'anya kwa sentensi hiyohiyo, na hakukuwa na namna ya kumpa nusu.

Gatini Hessel alimkumbatia Wiebe kwa uangalifu, kwa ule upande mzima, akamwita shujaa, akamkabidhi kwa daktari. Kisha akatembea moja kwa moja hadi alipokuwa Floris, penye banda la mashua, akamwekea mkono begani. Floris alikuwa anatazama chini. Wote tuliuona ule mkono, na Wiebe aliuona.

Jurre ndiye aliyeanza. "Mfupi majini!" akapiga kelele, na wakanivamia. Ni desturi kila mahali: mashua ikishinda, mshika usukani hutupwa majini, na wanaomtupa ni wale waliopiga makasia pamoja naye, si mtu mwingine. Hata kocha hagusi. Walininyanyua juu, huyu mkono, huyu bega, lakini mguu wangu mmoja ulibaki unaning'inia, na hakuna aliyeukamata.

"Ngojeni," akasema Wiebe.

Akamsukuma daktari pembeni, akaja, amejishika ubavu. Uso wake ukawa juu yangu. "Wiebe," nikaanza, "mimi..."

"Nyamaza. Leo umeongea vya kutosha."

Akaugeuza uso kule kwenye banda la mashua. "Floris! Njoo ushike huu mguu."

Floris hakusogea. "Mimi sikupiga kasia leo, kaka. Si haki yangu."

"Utapiga Olimpiki. Njoo."

Jurre aliangalia pembeni. Floris alikuja taratibu, akanishika kifundo cha mguu kwa vidole viwili vitatu, kama anayeshika chombo cha wenyewe.

"Shika vizuri, bwana," Wiebe akamwambia. "Huyu mfupi anateleza."

Kisha akarudi nyuma hatua moja, akahesabu yeye mwenyewe, moja, mbili, na alipofika tatu wakanirusha.