Kipanya cha Mashoto

Kompyuta ya marehemu binti yangu ilikuwa inajizima yenyewe kila mara, na mdogo wake anaanza chuo Jumatatu. Nikamwita fundi nyumbani.

"Mfumo umekufa, mama," alisema baada ya kuipekua. "Inabidi nifute kila kitu, niweke mpya. Barua pepe zake mmezihifadhi?"

"Mwanangu, mimi nina diploma ya uhazili. Zimo humu." Nikampa flashi.

Akaichomeka, akatazama, akakuna kichwa. "Mama, usinichukie. Hii ni alama tu ya kufungulia programu. Umebeba kibao cha mlangoni, nyumba umeiacha."

Kitindamimba wangu, huyo wa chuo, akacheka, kisha akajiziba mdomo. Mimi sikucheka. Fundi alieleza kwamba programu ile ilizishusha barua kwenye kompyuta na kuzifuta kule zilikotoka. Hazikuwa na nakala popote. Angefuta, zingekwenda zote, na nyingi kati ya hizo niliziandika mimi. Marehemu aliposhindwa kukaa kwa ugonjwa, alilala ubavu akinitajia maneno, nami napiga chapa. Hata na homa ulimi wake ulikuwa wembe. "Mama, usiweke 'wako mtiifu'. Huyo ni shoga yangu, si mkurugenzi."

Fundi akalichimbua folda lililofichika, akalinakili lote, akafungua barua moja kunihakikishia.

"Funga," nikasema. "Nimeona."

"Na mipangilio yake? Naona kipanya kimegeuzwa, kitufe cha kulia ndicho kinachofungua."

"Alikuwa mashoto. Ukimaliza, kirudishe hivyo hivyo. Na picha ya kwenye kioo, na ukubwa wa maandishi, na jina lake pale inapowaka."

"Mama!" Kitindamimba akasimama. "Mimi natumia mkono wa kulia."

"Utazoea. Mimi nilizoea."

"Nizoee na kusalimiwa kwa jina lake kila nikiwasha?"

"Kwani jina linauma?"

"Unanipa kompyuta, mama, au unanipa dada nimtunze?"

Fundi akainama chini ya meza kutafuta waya ambao ulikuwa mkononi mwake.

Jibu kali nilikuwa nalo, mimi siishiwi. Lakini mtoto hakuwa amemaliza.

"Viatu vyake navaa na vinanibana. Blauzi zake navaa. Kitanda chake umenihamishia, nimelala. Sijasema neno. Chuo nataka niende mwenyewe."

Kwamba viatu vinambana sikujua. Nilimwambia avae, akavaa, nikadhani yamekwisha. Kitu kizima hakitupwi, ndivyo nilivyokuwa nikisema, na watu wakanisifu kwamba nimejikaza.

"Weka kulia," nikamwambia fundi. "Na jina aandike lake."

"Na picha?"

"Si nimesema? Vya huyu viwe vya huyu."

Sauti ilitoka kama ya kugomba, ndiyo niliyokuwa nayo. Kitindamimba akakaa chini taratibu, akafuta pua kwa kiganja kama mtoto wa chekechea.

Kazi ilikula mchana mzima. Kioo kilipowaka kilikuwa cheupe, kinauliza mwenye kompyuta ni nani. Kitindamimba akaandika jina lake, herufi moja moja, bila kunitazama. Fundi akazirudisha barua za dada yake kwenye folda la peke yake, akanisogezea kipanya.

"Hakiki, mama, kabla sijaondoka."

Nikashika. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kulia, na badala ya barua ikachomoza orodha: nakili, hamisha, futa. Nikaondoa mkono kama nimegusa sufuria motoni.

"Kushoto, mama," binti yangu akasema kwa sauti ya chini.

"Najua."

Nilijua. Lakini mkono niliuacha mapajani, akafungua yeye.