Udi Katika Chumba cha Kompyuta

Chumba cha kompyuta cha shule ile ya Chumbageni kilikuwa na sheria nyingi kuliko mashine. Madamu Consolata, mwalimu wa somo hilo aliyehamia Tanga muhula ule akitokea Njombe, aliziandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu na kuzibandika mlangoni. Viatu nje. Madirisha yafungwe, maana upepo wa bahari una chumvi na chumvi inakula vyuma. Usiguse mashine ya mwenzako. Usichomeke simu. Na ile aliyoipigia mistari miwili: moto, moshi, chakula na kinywaji ni mwiko, atakayeivunja hii asisubiri kufukuzwa, achukue mkoba wake atoke, somo la kompyuta kwake ndiyo basi.

Sheria nzuri zote, hakuna anayebisha. Ila mtu akiandika viatu nje na madirisha yafungwe, tena Tanga, tena kwa vijana wa kidato cha tatu wanaokuja shule kwa miguu, angefikiria na habari ya soksi. Madamu Consolata hakufikiria. Hadi wiki ya tatu chumba kilikuwa kinanuka mpaka macho yanawasha.

Alhamisi aliingia, akasimama, akatoka tena kuvuta pumzi.

"Nasra," alimwita kiranja wa chumba, binti mwembamba aliyekabidhiwa ufunguo kwa sababu hakuwahi kuchelewa hata mara moja. "Kesho nikikuta harufu hii hakuna kipindi. Na kiranja nitatafuta mwingine."

"Sawa, madamu."

Ilikuwa sawa ya mdomoni tu. Nasra alikuwa mtoto wa Ushongo, na baba yake alimruhusu kuja kukaa kwa shangazi yake mjini kwa sababu moja, kompyuta. Kule kwao shule ipo, walimu wapo, kompyuta hakuna. Baba alisema wazi siku anamfungia begi: "Ukisoma hiyo kompyuta, kaa. Ikikushinda, rudi nyumbani, shule ya hapa inakutosha." Basi Nasra alikishika kile kipindi kama mtu anavyoshika ukingo wa kisima.

Mchana ule alipiga deki kwa sabuni ya unga, akapiga tena kwa limau. Sakafu iling'aa, harufu ikabaki pale pale. Akaenda nyumbani amenyong'onyea.

"Shangazi, chumba kikinuka kinafanywaje?"

Shangazi yake, Bi Zuwena, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Kinafukizwa, mwanangu. Kinafanywaje tena?"

Jibu hilo halikumshangaza Nasra. Katika nyumba ile zilifukizwa nguo, zikafukizwa shuka, mitandio, nywele, hata mtungi wa maji ya kunywa. Na hapa ndipo penye kosa lenyewe, kosa ambalo mtu wa Njombe asingelifanya kamwe. Nasra aliijua sheria ya moshi kwa moyo, lakini udi haukumjia akilini kuwa ni moshi. Moshi ni wa kuni, ni wa takataka, ni wa pikipiki mbovu. Udi ni udi.

Akachukua chetezo cha shangazi, akatia makaa na udi wa kupika, ule wa sukari na marashi, akarudi shuleni baada ya alasiri. Alifunga mlango akazunguka kona zote, akakipitisha chetezo mbele ya kila mashine kama anavyofanya shangazi kwenye kitanda cha bibi harusi. Pale kwenye mashine ya sita, karibu na ukuta, chetezo kilimwinamia kidogo. Hakuona kilichomwagika. Alifunga chumba, akarudi nyumbani anatembea kwa maringo.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa Tanga nzima inanukia. Wasichana waliingia na mitandio iliyofukizwa usiku, wavulana na kanzu za kwenda kuswalia zimekunjwa mikobani. Kila mmoja alisikia udi, na kila mmoja akadhani ni wa jirani yake. Walikaa, wakawasha mashine.

Madamu Consolata aliingia, akanusa, uso ukambadilika.

"Kuna kinachoungua!"

Kabla mtu hajajibu alishaifikia swichi kubwa ya ukutani akaishusha. Skrini zote zikafa kwa pamoja, feni zikasita. "Msiguse kitu! Mikono juu ya mapaja!" Sauti ilikuwa ya ukali, lakini ya mtu aliyeogopa. Mashine zile zilipokelewa kwa saini yake, na zikiungua atajibu yeye.

Sasa ndipo Nasra alipoelewa kuwa udi nao ni moshi. Alifungua mdomo aseme. Akawaza uso wa baba yake, akawaza begi lake, akaufunga mdomo.

Madamu akawa anapita mashine moja moja, anainama, ananusa nyuma ya kila moja. Kwenye mashine ya sita akasimama. Pembeni ya kibodi kulikuwa na majivu, kidogo tu, meupe.

Mashine hiyo ilikuwa ya Luqmani, mchekeshaji wa darasa, kijana ambaye walimu wakisikia kicheko popote humwita yeye kwanza.

"Luqmani. Umevuta sigara humu ndani?"

Maskini, Luqmani akacheka. Ni kicheko cha woga, waliomzoea wanakijua, lakini madamu alikuwa mgeni.

"Sivuti mie, madamu. Wallahi tena."

"Na unacheka! Majivu haya ni ya nani? Moshi huu ni wa nani?"

"Sijui, madamu."

"Utajua mbele ya mkuu wa shule." Akamshika mkono akamwinua. Darasa zima lilijua maana yake. Sigara pale shuleni haina adhabu ya kupiga magoti. Mtu anarudishwa kwao moja kwa moja.

Walikuwa wameshafika mlangoni, Luqmani anapapasa kiatu kwa mguu, ndipo Nasra alipojikuta amesimama.

"Si sigara, madamu. Ni udi. Niliufukiza mimi."

Madamu Consolata aligeuka. "Uliufanya nini?"

"Nilifukiza, madamu. Jana. Kwa ajili ya soksi."

Nyuma mtu alikohoa ili asicheke, na hilo likawachekesha wengine. Madamu hakucheka. Alimwachia Luqmani, akamsogelea Nasra, akaushika mtandio wake akaunusa, kisha akanusa hewa.

"Kwa hiyo hakuna mashine iliyoungua?"

"Hakuna, madamu. Ni makaa yalimwagika kidogo. Nisamehe, madamu."

Madamu alirudi kwenye swichi kubwa akaipandisha. Mashine zikawashwa moja moja, naye anazifuata kwa macho kama mama anayehesabu watoto waliotoka kuogelea. Ile ya sita ilisuasua, ikanguruma, ikatoa picha. Hapo aliketi kwenye kiti cha karibu, akajipangusa uso kwa viganja viwili. "Asante Mungu," alisema kwa sauti ya chini. "Asante Mungu. Nilishaona zote zimeteketea."

Nasra hakusubiri kuambiwa. Alichukua mkoba wake akaelekea mlangoni, machozi yanamshuka.

"Unakwenda wapi?"

"Sheria, madamu. Moto na moshi."

Madamu Consolata alimtazama. Kisha akamtazama Luqmani, aliyekuwa bado amesimama na kiatu kimoja.

"Dakika tano zilizopita nilikuwa nampeleka mtoto wa watu akafukuzwe shule kwa kosa ambalo hakulifanya," alisema. "Ungenyamaza ningelala usingizi wangu vizuri kabisa, nisijue mpaka nazeeka. Rudi ukae. Majivu utayapangusa wewe, kwa brashi, mashine zote, wiki nzima. Na nyie wengine, fungueni madirisha. Hizo soksi zenu nimezishindwa."

Darasa likashangilia. Nasra alikaa, akajaribu kuandika nywila yake, akakosea, akarudia akakosea tena. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na hakuona haya. Alibaki. Hakuna wa kumfungia begi arudi Ushongo.

Kipindi kilipokwisha wenzao walitoka mbio. Luqmani alikuwa amechutama nje ya mlango anafunga kamba za viatu, na kamba hazifungiki. Akazifungua, akaanza upya. Nasra hakuwahi kumwona hivyo. Akasimama pembeni.

"Nilikuwa nawaza mama nitamwambia nini," Luqmani alisema bila kuinua macho. "Asingeniamini. Mama hasa ndiye asingeniamini." Akavuta pumzi. "Ahsante, Nasra. Mie ningekuwa wewe, ningenyamaza."

Nasra aliufunga mlango, akaushika ufunguo mkononi.

"Nilinyamaza," alisema. "Mpaka aliposhika mkono wako."